Mashine ya Umeme

Mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, karani wa ghala la saruji, nilikuwa nakosa raha kwa sababu ya kompyuta ya kuchezea gemu. Naanza na hilo ili ucheke mapema, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Shakiru, fundi wa kompyuta pale Moshi mjini, alinipa njia mbili. Ya kwanza milioni moja na laki sita: imetumika, lakini gemu zote inazimudu. Ya pili milioni tatu: mpya, kioo kikubwa, na taa za rangi ndani.

"Kaka Basili, chukua ya kwanza," aliniambia. "Hiyo nyingine ni ya sifa tu."

Fundi anayekataa hela yako ni wa kusikilizwa. Lakini nilishaziona zile taa. Akiba yangu ilikuwa milioni moja na laki saba.

Siku hizo mama yangu, Mektrida, akanipigia simu kutoka Kilema. Alitaka kujua mbona miezi mitatu sijatuma hata ya sukari.

"Najibana, mama. Nataka kununua mashine."

Sisi wacheza gemu hatusemi kompyuta, tunasema mashine, tuonekane wajuzi. Nilisahau naongea na nani. Mama akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kufurahi:

"Ya umeme au ya dizeli?"

Nilielewa papo hapo. Kwa mama mashine ni moja tu, ya kusaga mahindi. Upande wetu haipo. Akina mama wanateremka na ndoo kichwani hadi bondeni, wanapanda nazo tena, na mama ana goti bovu. Nilielewa yote hayo, na mdomo wangu ukajibu:

"Ya umeme, mama."

Lilikuwa jibu la kweli tupu, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

"Bei gani?"

"Kuna ndogo ya milioni moja na nusu hivi, na kubwa ya milioni tatu."

"Ndogo usinunue, baba. Ndogo itakufa mapema. Chukua kubwa, mimi nitakuongezea."

Wiki iliyofuata akauza mtamba wake, akanitumia milioni moja na laki tatu.

Nilikaa nazo siku nne. Usidhani sikuwa na dhamiri. Nilikuwa nayo, ila nilibishana nayo kama wakili wa kulipwa. Nikajiambia nitamrudishia. Nikajiambia nitamweleza Krismasi, watu wakiwa wameshiba. Siku ya tano nikaenda kwa Shakiru nikachukua yenye taa. Akashangaa hela zimetoka wapi haraka hivyo.

"Nyumbani wameniongezea."

"Basi una mzazi, kaka," akasema, akanipa mkono.

Wiki tatu nilicheza. Siwezi kusema sikufurahi. Nilifurahi sana, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kisha mama akaniita nyumbani. Nikapitia Himo kununua nyama na mkate, nikapanda Kilema. Nilipoingia kihambani, shamba letu la nyumbani, sikupatambua. Kando ya nyumba, kwenye migomba aliyoipanda marehemu baba, palikuwa peupe. Migomba yote imefyekwa. Sakafu ya saruji imemwagwa, nguzo nne zimesimama. Na juu ya sakafu alikaa jirani yetu Hilda na debe la mahindi makavu.

"Nimekuja kuwahi foleni," akacheka. "Mashine ikifika nasaga wa kwanza."

Nikamwamkia mama, nikamvuta jikoni. Nikamwambia nilichonunua ni kompyuta. Ya gemu.

"Gemu ndiyo nini?"

"Ya kuchezea, mama."

"Ya kuchezea," akarudia polepole.

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Alikaa kwenye kigoda akashika shavu.

"Mae! Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyesikia mashine nikadhani mashine ni mashine. Wewe umesoma, una mambo yako ya mjini. Nikaenda kutangaza hadi kwenye jumuiya! Nimekuaibisha, baba, mtu mzima na kazi yako."

"Hapana, mama..."

Nilichobakiza kusema kilikuwa neno moja: nilijua. Sikulisema. Yeye alishanyanyuka na goti lake lile, akatoka hadi mpakani mwa kihamba, akarudi na jani bichi la isale. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, na anayeletewa hakatai, hata kama damu imemwagika. Nimeona wazee waliogombania mpaka wakipelekeana. Mzazi akimpelekea mwanawe sijawahi kuona.

Alilishika kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Basili."

Nikalipokea.

Akashusha pumzi, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akatoka nje kumweleza Hilda kwamba mwanawe hana kosa lolote.