Shamba la Mama Lisipotee

Nisingekubali kwenda kwa mama Nyakatuntu Jumapili ile kama ningejua kwamba kazi yangu ya kutwa ingekuwa kurudia maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshayasikia.

Kompyuta ya mama ilikuwa mgonjwa. Ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kuchota maji, ukarudi, ukamenya ndizi za mchana, nayo bado inazungusha kile kiduara chake. Ikiamka, inamwaga matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, kisha inajizima. Mume wangu Eliud ni fundi wa kompyuta, ana duka Omurushaka, na aliposikia dalili zile alisema hakuna dawa nyingine: ni kufuta kila kitu na kupiga window upya.

"Kila kitu?" mama aliniuliza kwenye simu. "Na shamba langu?"

Shamba lenyewe ni mchezo. Mama yangu, Auleria, amelima maisha yake yote, mpaka siku alipoteleza na mkungu wa ndizi kichwani na nyonga ikavunjika. Tangu hapo anatembea kwa magongo na jembe halishiki. Mwaka uliofuata mnyauko ukaingia kibanjani, shamba letu la migomba linalozunguka nyumba, tukang'oa migomba yote na kuifukia, naye ameketi mlangoni akitutazama. Kaka yangu Jovitus alikuja kutoka Mwanza, akaona hali ile, akamwachia kompyuta yake ya zamani yenye mchezo wa kulima. Tulidhani atauchoka upesi. Thubutu! Kila siku baada ya chai analima humo. Ana migomba isiyougua, ana mibuni, ana mbuzi na kisima, na ukimpigia simu wakati wa mavuno anakuambia upige baadaye.

"Vero mwanangu, hilo likipotea," aliniambia, "sina cha kuamkia."

Nikamwambia asihofu, mkwe wake ni fundi. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Kwetu Wanyambo mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana. Maana yake hawapeani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, na hawasemeshani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Jina la mwenzako hulitamki. Vijana wengi wameshaacha mambo hayo. Pale Kayanga nimeona wakwe wakipiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, wanacheka. Mama na Eliud hawajaacha, na wanashindana nani anaheshimu zaidi. Kwa hiyo Eliud alikaa sebuleni na kompyuta, mama akakaa chumbani nyuma ya pazia, na mtu wa tatu nikawa mimi. Nyumba ya mama haina dari. Mtu akikohoa chumbani, aliye sebuleni anampa pole.

"Mwambie mama shikamoo," alisema Eliud, macho sakafuni.

"Mwambie marahaba," mama akajibu kutoka chumbani. "Muulize habari za huko kwenu Chonyonyo."

Nikangoja, nikidhani Eliud atajibu. Hakujibu. Alikuwa ananingoja mimi.

"Anauliza habari za Chonyonyo," nikasema.

"Ah! Mwambie nzuri."

"Amesema nzuri, mama."

"Mwambie nimefurahi."

Salamu zilituchukua muda wa kutosha kuchemsha maharage. Nikaleta kahawa ya kutafuna, nikampa kila mmoja upande wake, nikasema sasa kazi ianze.

Eliud akanieleza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, ili nimweleze mama. Mchezo wenyewe si tatizo, alisema, anao kwenye flashi na ataurudisha. Tatizo ni shamba. Shamba ni faili dogo, na kila mchezo una mahali pake pa kulificha. Alikuwa ameshatafuta kwenye folda la mchezo na kwenye nyaraka za mama, hakuliona. Mteja wake mmoja wa Kimuli, Theoneste, alikopiwa mchezo wote akapigiwa window, na alipoufungua akakuta anaanza moja. Mpaka leo wakikutana Theoneste hamsalimii.

"Muulize mama kama anajua shamba linahifadhiwa wapi."

Sikuuliza. Nilikaa kimya makusudi, nione.

Kuku akaingia, akatoka.

"Vero," mama akaita, "mkwe hana swali?"

"Analo!" nikafoka. "Anauliza shamba linahifadhiwa wapi!"

"Mwambie linahifadhiwa humo humo."

Eliud akatikisa kichwa kwa adabu, kana kwamba amepewa jibu la maana. Kisha akasema iko njia moja ya uhakika. Afungue mchezo, ahifadhi shamba hapo hapo, halafu atafute faili ambalo limebadilika dakika hiyo. Faili hilo ndilo shamba. Analikopi, basi, kazi imekwisha.

"Niombee kwa mama ruhusa nifungue mchezo."

"Asifungue!" mama akasema, kabla sijageuza hata shingo.

Eliud akaondoa mkono kwenye kompyuta papo hapo.

"Basi sifungui," akasema.

"Sasa utafanyaje?" nikamuuliza.

"Nitakopi ninavyovijua, nifute, halafu tumwombe Mungu."

Damu ilinichemka. Mwanamume huyu dukani kwake hubishana na mteja mpaka mteja anaomba radhi. Leo mama amesema neno moja, naye yuko tayari kumfutia shamba lake lote, kwa heshima! Nilimwambia asiguse kitu, nikaingia chumbani.

Mama alikuwa ameketi kitandani, magongo miguuni, anazungusha ncha ya kitenge kidoleni. Nikamuuliza kwa kunong'ona, kwa Runyambo, kwa nini hataki mchezo ufunguliwe.

"Kuna punda," akasema.

"Punda gani?"

"Wa mkokoteni. Nilipomnunua mchezo ukaniomba jina lake. Ulikataa kuendelea mpaka niandike jina." Akatazama dirishani. "Nikaandika la mkwe."

"Mama!"

"Kulitamka ndiyo nimekatazwa. Kuliandika hakuna aliyenikataza." Halafu akazidi kushusha sauti. "Na jina linakaa juu ya kichwa chake, Vero. Anatembea nalo shamba zima."

Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikabaki nimeziba mdomo. Ndipo nikagundua kwamba sebuleni kumetulia mno. Nyumba haina dari, na Eliud ni Mnyambo wa kuzaliwa.

Nikatoka. Mume wangu alikuwa ameinamia meza, anachunguza punje ya kahawa. Akaitafuna, akameza.

"Muulize mama," akasema taratibu, "huyo punda ni mvivu?"

Chumbani nikasikia gongo likikwaruza sakafu.

"Mwambie si mvivu," mama akajibu. "Aliyekuwa mvivu ni yule wa kwanza. Nilimuuza. Huyu anavuta na halalamiki."

Kisha wote wawili wakaanza kunisubiri niwapelekee maneno. Naapa walikuwa wananisubiri!

"Mmesikiana!" nikapiga kelele. "Mmesikiana tangu mlipoamkiana! Mimi si waya wa simu. Semezaneni wenyewe, au hilo shamba lifutwe, tujue moja. Naenda kuchuma maharage."

Nikatoka, nikabamiza mlango. Nilichuma maharage kwa hasira, pale pale ilipokuwa migomba ya baba, mabichi na makavu nikayachanganya. Lakini hasira haikukaa peke yake, hofu nayo ilinikaba. Niliwajua wale wawili. Eliud angefuta kwa adabu, mama angenyamaza kwa adabu, na kesho yake baada ya chai mama angekaa mbele ya kioo kitupu. Nilikuwa nakaribia kurudi niwaombe radhi niliposikia sauti ya mama ikipita dirishani.

"Eliud!"

Tangu niolewe sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo. Nilitupa ungo wa maharage, nikakimbia, nikijua ama nyumba inaungua ama mtu amekufa.

Mama alikuwa amesogeza kiti mpaka kwenye pazia na kuligeuzia mgongo. Eliud, upande wa pili, macho kwenye kompyuta. Mchezo ulikuwa wazi, na muziki wake mwembamba unalia.

"Naongea na punda wangu," mama aliutangazia ukuta. "Eliud, pita kisimani. Nyumba iko kulia, ina bati jekundu."

"Punda amepita, waitu," mume wangu akaiambia kompyuta. Waitu kwetu ni neno la heshima kwa mkubwa.

"Usikanyage maboga yangu."

"Punda hakanyagi."

"Ingia, uende kitandani. Tukilala ndipo siku inapohifadhiwa."

"Punda amefika kitandani. Amelala."

Nilisimama mlangoni, mdomo wazi. Hakuna aliyenitazama. Eliud akafunga mchezo, akaanza kutafuta, na faili lilionekana ndani ya folda lililokuwa ndani ya folda lingine, mahali ambapo kwa kweli sijui nani angepakumbuka.

"Punda ameliona shamba," akasema.

Akalikopi kwenye flashi, akalikopi na kwenye simu yake, kisha akafuta kompyuta nzima. Window ilipokuwa inapigwa upya nilisikia mama akisali rozari yake kwa haraka. Eliud akaurudisha mchezo, akaliweka faili mahali pake, akafungua. Kioo kikaandika jambo moja tu: Anza shamba jipya.

Rozari ikakoma. Sijui mama alijuaje, labda muziki ulikuwa tofauti. Jasho lilimtoka Eliud mpaka kwenye nyusi.

"Eliud," mama akasema polepole, "punda wangu, umefika wapi?"

Eliud akaufunga mchezo, akaangalia tena, kisha akajigonga paji la uso. Mchezo ulikuwa umejitengenezea folda jipya mara ulipofunguliwa, na shamba aliloliweka kabla ya hapo likawa pembeni yake badala ya ndani. Akalihamisha, akafungua tena. Muziki ulibadilika.

"Punda yuko nyumbani, waitu," akasema, akashusha pumzi ndefu.

Kisha akainuka bila kutazama pazia, akatoka uani, ili mkwe wake apate kuingia sebuleni kwa heshima. Walikuwa wamerudi kule kule. Mama akaja na magongo yake, akaketi, akavaa miwani. Nami nikasimama nyuma yake kulitazama hilo shamba lililonitesa siku nzima.

Lilikuwa kibanja chetu. Migomba mbele ya nyumba, mibuni chini yake, njia ya kwenda kisimani, vyote vimepangwa kama vilivyokuwa kabla ya mnyauko. Punda alisimama kando ya mkokoteni na jina lake kichwani. Karibu na mlango alilala mbwa, juu yake pameandikwa Jovitus, kaka yangu wa Mwanza asiyepokea simu. Na chini ya migomba alisimama fahali mkubwa mweusi aitwaye Rwegoshora. Rwegoshora ni baba yangu, tulimzika kabla sijaolewa.

Nikatafuta jina langu. Nikaangalia mbuzi, nikaangalia kuku mmoja mmoja. Halikuwepo.

"Na mimi?" nikauliza, na wivu ulinishika waziwazi, mtu mzima mimi. "Niliyebeba maneno yenu tangu asubuhi! Hata kuku, mama? Hata kuku mmoja?"

Mama akageuka, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Humo nimeweka nisioweza kuongea nao," akasema. "Wewe nikuweke wa nini? Si nikikuita unakuja?"