Uzi Uliokamilika

"Uzi ni bidhaa iliyokamilika," mkurugenzi aliniambia huku akikoroga chai. "Huo uzi ungekuwa pamba, binti yangu, ningekuelewa."

Nilikuwa mgeni katika wizara ya viwanda, bado nikiamini kwamba hoja nzuri haihitaji kubisha hodi mara mbili. Nikamweleza taratibu. Kiwanda chetu pekee cha blanketi kiliagiza uzi kutoka nje, na kwa kuwa sera iliuita bidhaa iliyokamilika, uzi huo ulitozwa ushuru mzito. Blanketi zenyewe, zikitoka huko huko, ziliingia bure kwa jina la kumsitiri mnyonge.

"Sasa ushuru huo unamlinda nani, mzee?"

"Viwanda vyetu vya uzi."

"Viko wapi?"

"Vitakuja. Sera hutangulia."

Jioni nilimsimulia mama, mfumaji wa kiwanda hicho tangu sijazaliwa. Alicheka hadi akashika ubavu.

"Kumbe! Basi na wewe tulikusomesha ukakamilika. Angalia wasikutoze ushuru hapo mlangoni." Kisha kicheko kikamwishia. "Mtambo wangu wameuzima leo. Wanasema unapumzika."

Ikapumzika mitambo yote. Niliandika hoja yangu upya, nikaipeleka ghorofa kwa ghorofa, nikasifiwa mwandiko. Siku mitambo ilipotolewa kuuzwa chuma chakavu, mama alikwenda kuitazama kama anayesindikiza jeneza, akarudi akalala na viatu.

Baadaye tukaalikwa kwenye ufunguzi. Kiwanda kimefufuka, walisema. Nilifuatana na mkurugenzi. Palipokuwa na mitambo pamewekwa meza ndefu, na wanawake wachache waliorudishwa kazini wameketi, mama akiwa miongoni mwao. Alivuta blanketi kutoka kwenye robota la ng'ambo, akakata lebo yake kwa mkasi, akashona nyingine mahali pale pale: *Imetengenezwa Nchini*. Mshono wake ulikuwa mnyoofu, kama kawaida yake.

Mkurugenzi aliipapasa ile blanketi, akaiinua juu watu waione. "Subira," alisema, "huvuta heri."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mikono yangu ilibaki ubavuni. Nilitaka mama anitazame, tuwe wawili tunaojua.

Alinitazama. Alikuwa ameweka mkasi chini, anapiga makofi.

"Piga, mwanangu," alisema, midomo haichezi. "Mkataba wangu ni wa mwezi kwa mwezi."

Nikapiga.