Washa Jenereta Nje

Mjane alipata kazi ya kuhariri vitabu vya maelekezo ya mashine bila kutoka chumbani kwake. Mkuu wake aliishi mji mwingine. Kwenye kompyuta alikuwa sauti tu, kamera imezimwa. Mezani palikuwa na kikombe kimoja. Mumewe, fundi redio, alifariki siku ya mvua: aliwasha jenereta ndani isilowane, akafunga dirisha. Kitabu cha jenereta hakikusema neno kuhusu moshi.

Kitabu cha kwanza alichopewa kuhariri ndicho hichohicho.

Alasiri marehemu mumewe aliingia, akavua viatu mlangoni, akaketi. Afadhali, maana maelekezo hujaribiwa na mtu, na mjane hakuwa na mtu. Akamsomea. Marehemu akafanya kilichoandikwa, basi: akamimina mafuta yasiyokuwepo, akavuta kamba ya hewani, akatulia palepale ndani.

"Hujabadilika," mkewe alisema. "Ukiandikiwa chumvi, sukari huleti hata ukiona imeisha."

"Si ungeandika?"

Mjane akaandika: Washa jenereta nje. Moshi wake unaua. Akamsomea. Marehemu akavaa viatu, akatoka zake.

Chumba kikapwaya. Iliuma, wacha tuseme ukweli. Angeufuta mstari ule, angebaki na mumewe. Hakuufuta. Akatuma kazi.

Mkuu alipiga simu. "Kazi safi, dada, ila hilo onyo nimelitoa. Linatisha wateja."

"Watu watakufa."

"Ah! Kwani hawana akili zao?"

Kesho yake marehemu alikuwa kitini. Mjane akaurudisha mstari, marehemu akatoka. Mkuu akautoa, marehemu akarudi. Wakavutana hivyo mpaka kitabu kikachapwa, bila onyo.

"Basi umebaki," mjane alimwambia mumewe. Alifurahi, na furaha yenyewe ikamtia aibu.

Mvua zilipoanza, mtu akapiga hodi. Alikuwa mwanamke asiyemjua, viatu mkononi, kanga inanuka moshi. Nyuma yake alisimama mzee na watoto wake wawili wa kiume, wakubwa, wamepanga foleni.

"Samahani, mama. Ni hapa wanaposoma maelekezo?"

"Ni hapa. Karibuni ndani."

Akawaonyesha pa kuweka viatu, kisha akaenda kwa jirani kuazima viti.

"Umepata wageni?" jirani alifurahi. "Afadhali, jamani! Upweke ungekuua."

Mjane akashukuru, akabeba viti viwili, akarudi kuchukua vingine.