Kitanda cha Vitabu Elfu Tatu

Ogola alifanya kazi mjini ya kuwabonyezea watu lifti, watu wenye vidole vyao wenyewe, hadi ilipowekwa lifti mpya inayoongea. Akapewa saa ya ukutani na kurudishwa mtaani kwake Mashimoni. Kwa kuwa hakuwa tena na wa kumpandisha wala kumshusha, akaandika kitabu kuhusu wale aliowabeba. Katika sura ya tatu waziri mmoja anakwama kati ya ghorofa mbili mpaka ndevu zinamwota. Sisi tuliopanga naye vyumba vya plot moja tulikuwa tumesikia habari za huyo waziri mara nyingi, na kila mara ndevu zilikuwa zimerefuka.

Mchapishaji alikuwa Kimanzi wa Kawangware, nyuma ya soko, anayechapa kadi za harusi na bahasha za sadaka.

"Mzee, ukitaka mia tatu, nawasha mashine," Kimanzi alimwambia. "Ukitaka elfu tatu, nawasha mashine ile ile. Kazi ni kuiwasha. Ikishaanza kuimba, inajiendea."

"Kwa hivyo mia tatu ni hasara?"

"Mia tatu ni kuichokoza tu."

Ogola akawafikiria wote waliowahi kupanda lifti yake, akaona hata elfu tatu hazitatosha. Hakukumbuka kwamba katika hao wote hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Akaagiza elfu tatu, na kitabu chenyewe kilikuwa kinene kama nusu mkate.

Mikokoteni ilipowasili Mashimoni, watoto walidhani kuna anayehamia. Nyumba ya Ogola ni kama zetu zote: chumba kimoja kilichogawanywa na pazia, huku mbele meza na jiko, kule nyuma kitanda. Kitu kisicho na mahali huwekwa chini ya kitanda. Matofali yaliyoinua kitanda yakatolewa, maboksi yakaingizwa badala yake, tabaka juu ya tabaka, mpaka godoro likakaribia mabati. Nereah, mkewe, akawa anapanda kulala kwa stuli na ndoo. Alisema akigeuka ubavu anasikia paka wa plot akipiga miayo juu ya paa. Ogola alisema si kweli, yule paka ana adabu, hubisha kwanza.

Kitanda hakikuwa na haraka ya kushuka. Duka moja la vitabu lilichukua vichache na kuahidi kupiga simu vikinunuliwa. Simu ya Ogola ikawa inakaa na chaji wiki nzima. Makanisani walivipokea kwa maombi. Kwenye flati za Soweto East walinunua kidogo, lakini kwa uchungu, maana wao wanapanda ngazi kwa miguu na huyu alikuwa analipwa kupanda amesimama. Kila akiuza, Ogola alitoa kwenye boksi lililo karibu na mkono, upande wa mito. Asubuhi moja Nereah akateremka na godoro lake, kichwa mbele, mpaka mguuni pa meza, na tunaambiwa hakuamka hadi chai ilipoiva.

"Baba Celine, unauza kichwa changu unaacha miguu! Toa kila kona, kitanda kishuke sawa."

Tangu siku hiyo Ogola akawa anatoa kila kona. Hivyo ndivyo alivyojifunza kutunza stoki.

Kisha habari ikaja kutoka Bondo. Mama Siprosa, mamake Nereah, alikuwa anakuja kutibiwa macho. Angelala kwa mjukuu wake Celine, Kawangware, halafu Jumamosi aje Mashimoni kunywa chai. Sasa kwa watu wa Bondo mama mkwe haoni kitanda cha mkwe wake. Akikiona, chai hainyweki, na hatakanyaga pale tena. Ndiyo maana pazia lipo. Lakini waya wa pazia ulifungwa kwenye mbao za ukuta, kimo cha mtu, na kitanda kilikuwa kimeshaupita.

"Mama hajawahi kuingia nyumba yangu tangu nije Nairobi," Nereah alisema kutoka kule juu. "Akisimama mlangoni aone blanketi juu ya pazia, atageuka. Na mimi nitamfuata."

"Si tuongeze kitambaa?"

"Utakitundika wapi? Kwa mabati? Toboa, mvua ikuje tuogee kitandani."

"Lakini si anatoka kutibiwa macho? Labda hataona."

"Ogola."

Hakuitwa Baba Celine. Akavaa viatu.

Alianza na Kimanzi. "Boss, rudisha hata nusu."

"Mzee, umewahi kuona mandazi ikirudi unga?"

Basi akageukia sisi, mlango kwa mlango: kila nyumba imtunzie maboksi chini ya kitanda. Wangila, anayeuza maji kwenye kioski, akakuna kidevu.

"Na kitanda changu kikipanda, halafu mama mkwe wangu aje?"

"Wako anakuja lini?"

"Huyo hajawahi kuja. Atangoja tu mpaka nibebe vitabu vyako, ndipo aje."

Akachukua hata hivyo, na sisi wengine tukachukua. Wiki hiyo plot nzima ilipanda. Immaculate wa mlango wa pili aliapa kwamba akilala anaona taa za Kawangware.

Jumamosi kitanda kilikuwa chini, na pazia limekifunika chote. Maboksi machache yaliyokosa mwenyeji Ogola aliyapanga ukutani, Nereah akayatandika vitambaa vya kufuma, yakawa kiti. Mama Siprosa akaja ameshikwa mkono na Celine, jicho moja limefunikwa kwa bandeji. Akasimama mlangoni. Lile jicho jingine likatembea: meza, pazia, juu ya pazia, tena pazia. Sisi kwenye milango yetu tuliacha kupeta mchele.

Akaingia. Akaketi. Nereah akaenda kumimina chai.

"Kiti chenu kigumu kama cha kanisa," mama akasema. "Mmeweka nini ndani?"

Ogola, aliyejua yale maboksi yalikuwa yamebeba kitanda hadi jana yake, akamtazama mkewe. Nereah akatikisa kichwa kidogo sana.

"Vitabu, mama. Vimetoka Kawangware."

Basi. Tunaomjua tunaweza kuapa: ndiyo hadithi pekee aliyowahi kuifupisha.

"Nisomeeni, mimi bado nimekatazwa."

Nereah akachukua kimoja. Alikuwa amekilalia miezi yote hiyo bila kukifungua. Akasoma ya waziri, akacheka kabla ya mamake, akarudia mstari ili wacheke pamoja.

"Ndevu ziliota kweli?" mama akauliza.

"Mpaka magotini, mama," Ogola akajibu.

"Nereah, huyu mume wako ni mwongo."

"Najua, mama. Endelea kusikiza."

"Nitoleeni vya akina mama wa kanisani kwetu. Wamechoka na stori zangu."

Ogola akainama, akafungua boksi lililo karibu na mkono, akaanza kutoa. Kiti kikalala upande mmoja, na kikombe cha mama mkwe kikainama nacho.

"Kila kona, Baba Celine," Nereah akasema, bila kuinua macho kwenye ukurasa. "Kila kona."