Samaki Wenye Kiu

Mama alipohamia kwetu baada ya baba kufariki, alikuja na sanduku la nguo na kabati la viberiti. Sanduku alituachia tulibebe tutakavyo. Kabati la vioo alilisindikiza mwenyewe mpaka sebuleni, akiwafokea wabebaji: "Rudi nyuma, rudi, kata kulia!" Kweli alikuwa mke wa dereva.

Baba aliendesha lori la masafa. Kila safari alirudi na kiberiti cha huko alikotoka, kipya, njiti zimejaa. Lori likisimama tu, mimi nishafika kwenye mfuko wa shati lake. Kimoja kilikuwa na jogoo, kingine meli, kingine simba aliyechorwa vibaya mpaka tukamwita paka mwenye cheo. Herufi za kwanza nilizosoma maishani nilizisoma kwenye viberiti hivyo, nimekaa mapajani pake panaponukia dizeli. Mama hakuwahi kuwasha hata njiti moja. Alivipanga nyuma ya kioo, picha zikitazama mbele, na wala hatukumuuliza kwa nini.

Mwaka huu mume wangu, fundi umeme, alipewa tangi la samaki na mteja aliyekuwa anahama. Tuliliweka kando ya kabati kwa sababu ndipo penye soketi. Binti yetu Kidoti, ambaye kumlaza mchana ilikuwa vita, akawa analala mwenyewe akisikiliza mapovu.

Maji yalikuwa yakipungua, nasi tunaongeza kwa jagi.

"Samaki wako wana kiu," baba yake alimwambia. "Wanakunywa kuliko wajomba zako."

Kidoti akainama kwenye kioo. "Kunyweni polepole, mtapaliwa."

Siku moja napangusa vumbi, mlango wa kabati ukagoma. Nilipouvuta, ikanipiga harufu ya tambara bichi lililosahaulika ndooni. Picha ya jogoo ilikuwa imebanduka na kujikunja. Simba alikuwa ameota ndevu za ukungu. Nilimwita mama.

Alitazama kabati, akatazama tangi.

"Samaki watoke."

"Mama, mtoto amewazoea..."

"Atapata samaki wengine. Mimi mume wangu nitampata wapi mwingine?"

Kidoti alikuwa amelikumbatia tangi, shavu limebonyea kwenye kioo.

Macho yangu yakatua kwenye jagi la kuongezea maji. Katika masomo yangu ya jioni, mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba maji hayapotei, hupanda hewani. Niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama, kisha nikarudi nyumbani kucheka habari za samaki wenye kiu!

"Mama, samaki hawayanywi haya maji. Kabati ndilo linalokunywa."

Alinigusa paji la uso. "Una homa?"

Nikamweleza: maji yanapanda, yanaingia kabatini, karatasi na ukungu vinashiba. Nikamwomba mwezi mmoja.

"Haya," akasema. "Lakini mdomo wako siuamini. Mwezi ukiisha nitawasha njiti. Ikiwaka, wabaki. Ikikataa, wahame."

Fundi vioo alitukatia mfuniko wa tangi, pembe moja wazi kwa ajili ya waya na chakula. Tukahamishia kabati ukuta wa pili, bila kuligusanisha na ukuta, na kiti cha mama kikalifuata ili asipoteze mandhari yake. Viberiti nilivitandaza kivulini, maana jua lingefuta rangi, nikaupangusa ukungu kwa brashi laini ya poda. Dirisha tulifungua siku kavu tu. Duka la viatu likanipa vile vipakiti vya chengachenga za kunyonya unyevu vinavyokaa kwenye maboksi. Nilizipasha moto zile chenga zikauke, nikazifunga kwenye vitambaa na kuziweka kwenye kila rafu.

"Leo tunakula viatu?" mume wangu aliuliza akichungulia kikaango.

Jagi likapumzika. Kabati likaanza kufunguka bila kulalamika.

Mwezi ulipoisha mama alikaa kitini. Katika viberiti vyote akachagua simba, aliyeugua kuliko wote. Njiti ya kwanza kichwa kilibomoka kama biskuti. Kidoti akafumba macho. Ya pili ilikwaruza tu.

"Ulisema njiti, mama, hukusema ngapi," mume wangu akajitosa.

"Mkwe, kaa na nyaya zako."

Ya tatu ikawaka.

Mama aliutazama ule moto kama anayesikiliza mtu.

"Kiberiti cha kwanza baba yako alikileta nipikie," alisema. "Tulikuwa wageni katika ndoa. Nikamwambia, siwashi mpaka urudi tena. Akarudi, na kingine. Nikasema, basi na hiki nitakiwasha ukirudi. Akawa anarudi tu. Kitu kinachofanya kazi nikibadilishe cha nini?"

Miaka yote ile nilidhani anatunza picha.

"Bibi, utaungua!"

Kidoti akapuliza. Moshi mwembamba ukapanda katikati yao, na mama akaufuata kwa macho mpaka ukaisha.

"Haya, kawape chakula samaki wako," akamwambia, akirudisha simba mahali pake kabatini. "Na yule mwekundu usimzidishie. Ana tumbo yule."