Mngurumo Kisimani

Upepo wa Comodoro, mji wa mafuta kusini mwa Argentina, ulikuwa umemchapa Griselda tangu asubuhi, lakini kilichomchosha zaidi ni programu aliyoihangaikia miaka miwili. Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza tu. Wapimaji wanapiga mshindo wa gesi kwenye mdomo wa kisima, kila kiungo cha bomba kinarudisha mwangwi, programu inahesabu viungo na kusema mafuta yapo kina gani. Leo ilisema mafuta yapo chini kuliko mwisho wa kisima chenyewe.

"Hongera, injinia," alisema Ovidio, mpimaji, akiwa garini, akifyonza kwa mrija yerba yake ya moto, chai ya majani iliyo kibuyuni. "Umetoboa dunia hadi Uchina bila pasipoti."

"Niache, mzee. Kichwa kinaniuma."

Bosi Etchart hakucheka. Alikuwa amekuja kuamua: programu ikipita, inatumika visima vyote, ikishindwa, inatupwa, na Griselda anarudi kujaza ripoti za wenzake.

Griselda akavaa vipokea sauti. Nyuma ya mwangwi kulikuwa na kitu kingine, du-du-du-du, kimepangika kama mwangwi wa viungo vya bomba, na programu ilikuwa ikikihesabu nacho. Akageuka polepole, akalitazama gari.

"Ovidio, zima injini."

"Na joto nipewe na nani, wewe?"

"Zima, baba."

Wakapiga tena. Namba ikatoka safi, haina doa.

"Basi," alisema Etchart. "Andika kwenye maelekezo: injini izimwe. Kesho tunaanza. Twende nyumbani."

Nyumbani. Griselda akaanza kukunja nyaya. Kisha akamwona Ovidio anavyopuliza vidole, na dakika tano tangu injini izimwe hazijaisha.

"Mzee, Julai, kipupwe kikikolea na theluji ikimwagika, utazima?"

"Bosi akiwepo, nitazima." Ovidio alimtupia Etchart jicho. "Akishaondoka, mimi si mwehu."

Griselda akacheka kicheko cha mtu aliyeishiwa. Programu ya kusema kweli siku za ukaguzi tu, ya nini?

"Haijawa tayari," akamwambia Etchart. "Nipe mwezi niifundishe kulitambua gari."

"Wiki mbili. Zikipita, ripoti zinakusubiri." Akaenda zake.

Griselda akapanda kando ya Ovidio, akafungua kompyuta mapajani. Macho yalimwasha.

"Washa, niurekodi huo mngurumo wako. Na hicho kibuyu cha yerba si kipaza sauti cha kushikilia ukiongea, mzee. Kunywa upitishe."