Vitunguu vya Maua

Ifahamike kwa walimu, wazazi na wadau wote wa elimu kwamba kilimo cha maua katika Nyanda za Juu Kusini kiliingia zama mpya siku ya Jumanne, ndani ya sufuria ya maharage.

Mkuu wa Shule, Mwalimu Kalinga, alikuwa amechoshwa na dafodili za njano, yale maua ya nchi za baridi. Shule jirani ilikuwa nazo, tena mbele ya choo. Alitaka zisizo za kawaida: zenye petali zilizojazana kama kabichi, zenye kikombe cha rangi ya waridi, zinazoinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa. Alizichagua kwenye kitabu cha picha kwa kalamu nyekundu, na gunia likapakiwa Iringa kwenye lori lililokuwa limetoka Ruaha Mbuyuni na vitunguu vya jikoni. Mizizi ya dafodili ni ya mviringo na ina maganda, kwa hiyo dereva aliandika ubavuni kwa mkaa: VITUNGUU VYA MAUA. Gunia la pili, la jiko la shule, aliliandika VITUNGUU.

Saulo wa kidato cha tatu ndiye aliyetumwa kushusha mizigo. Alifuta maneno mawili kwenye gunia moja, akayaandika kwenye jingine. Alitaka tu kumwona Mkuu akipalilia kachumbari mbele ya ofisi. Jikoni, alidhani, wangegundua kwa harufu. Lakini mpishi, Mama Atuganile, alikuwa na mafua.

Mchana ule Saulo alisukuma sahani yake pembeni.

"Vipi, umeokoka, umeacha maharage?" aliuliza Shija, rafiki yake. Shija alikuwa mtoto wa wafugaji wa Rujewa, na alikuwa na njaa tangu kidato cha kwanza.

"Sina njaa."

"Lete basi, kabla hujatubu."

Akala sahani zote mbili.

Jioni bweni zima lilitapika. Asubuhi likachipua. Mashina yalitokea kwenye kola, upande wa kushoto, na kufikia saa ya uji yalikuwa yamechanua. Mkuu alipita kati ya vitanda akiwa na kitabu chake. Waliotoa dafodili za njano walipewa dawa ya minyoo na kurudishwa darasani. Mwenzao Benjamini alitoa yenye kikombe cha waridi, akawekewa alama nyekundu kwenye paji la uso. Shija alitoa ua jeupe lenye kikombe cheusi, lenye harufu ya mvua inayoanza kupiga vumbi. Halikuwamo kitabuni.

"Hili halikatwi," alisema Mkuu. "Lihamishwe na mzizi wake."

Shija alipandwa mbele ya ofisi, udongo ukimfika magotini. Ili kupata nafasi, Mkuu aliagiza vitunguu vilivyokuwa vimepandwa pale ving'olewe, navyo vikapelekwa jikoni bila maswali. Benjamini alipandwa ukingoni. Saulo alipewa ndoo ya kumwagilia.

"Miguu imekufa ganzi," Shija alimwambia.

"Nikimwambia Mkuu ni mimi, atakufukua."

"Mimi atanifukua, wewe atakufukuza. Subiri kwanza mtihani wa muhula uishe, mwanangu. Hata hivyo huku sipigi deki."

Saulo akasubiri. Ilikuwa rahisi kusubiri.

Wageni wa wilaya walikuja wakapiga picha. Benjamini alinyauka mapema, wazazi wake wakaja kumchukua kwenye mfuko wa karatasi. Kisha akaja Mzee Nkuba, baba yake Shija, na dumu la maziwa ya mgando. Alimtazama mwanawe, ambaye sasa udongo ulimfika kifuani.

"Huyu mtoto anakula nini?"

"Anamwagiliwa asubuhi na jioni, mzee," alisema Mkuu.

"Nataka nimpeleke nyumbani."

"Rujewa kuna joto, mzee. Ua hili linataka baridi."

Mzee Nkuba alifikiri. Ni kweli, Rujewa kulikuwa na joto. Akamimina maziwa shinani taratibu, akavua kofia, akaivaa tena, akaenda stendi. Saulo alikuwa amesimama hapo na ndoo yake muda wote.

Mtihani ulipoisha, ua lilikuwa limeanguka na majani yamegeuka njano. Saulo aliita, Shija hakuitika. Mkuu alisoma kitabuni kwamba dafodili zote hulala. Walipochimba, walikuta sweta la shule, na ndani yake kitunguu kikubwa chenye watoto wanne ubavuni.

Asubuhi iliyofuata, mstarini, Mkuu alimshukuru Mungu kwa mavuno. Ndipo Saulo alipotoka mbele.

"Ni mimi," alisema. "Nilibadilisha maandishi kwenye magunia. Nilijua kilichomo kwenye yale maharage, ndiyo maana sikula. Nikampa Shija sahani yangu."

Mkuu alichomoa kalamu yake nyekundu.

"Kumbe haya maua yanapikwa kwanza," alisema. Akamgeukia mwalimu wa taaluma. "Kidato cha kwanza wanaripoti lini?"

"Jumatatu, Mkuu."

"Mwalimu, Shija amekufa," alisema Saulo. "Nimemuua mimi."

"Mwenzenu ametupa jibu," Mkuu aliwaambia wanafunzi. "Mpigieni makofi ya kilo."

Wakampigia, kwa mpigo mmoja, kama walivyofundishwa.